Hilux 5L imeunguza gasketi: maelezo ya kuaminika ya kufungua hedi mwenyewe nayapata wapi?

Viazi Makambako
Wakuu, heshima kwenu.

Nina pikapu ya Toyota Hilux, LN166, injini 5L, dizeli isiyo na turbo. Ndiyo inayotoa viazi shambani. Siku hizi inakula maji bila kuvuja chini, rejeta inatoa mapovu injini ikiwaka, na asubuhi moshi mweupe. Mafundi wote niliowauliza wanasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu. Gereji ya mwisho iliyoishika ilinirudishia gari bolti za kava hazijakazwa, kwa hiyo safari hii nataka nifungue mwenyewe na shemeji yangu aliyesoma umekanika VETA. Spana tunazo, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) tutaazima.

Kinachonikwamisha ni maelezo. Bolti za hedi zikazwe kwa nguvu gani, video moja inasema 58, nyingine 78, ya tatu 800. Muuza spea naye ananiuliza nataka gasketi ya herufi gani: B, D au F. Nimshike nani? Mnapata wapi kitabu sahihi?

Fundi Gerezani
Mkuu, 58, 78 na 800 ni namba ile ile. 58 ni futi-pauni, 78 ni Nyutoni-mita, 800 ni kilogramu-sentimita. Tazama toki renchi mtakayoazima ina kipimo gani. Ukiweka 58 kwenye renchi ya Nyutoni-mita, hedi itakaa legelege na gasketi mpya itaungua kama hii.

Na hiyo ni raundi ya kwanza tu. Baada yake kila bolti inazungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha 90 nyingine, ukianzia katikati kwenda nje, meno ya bolti yakiwa safi na yamepakwa oili kidogo. Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti uone imezunguka kiasi gani. Video isiyotaja hizo nyuzi 90, achana nayo.

Herufi sasa. Pistoni ikifika juu kabisa huchomoza kidogo kupita uso wa bloku. Unapima kwa dayo geji (kipimo cha saa cha tofauti ndogo sana), pistoni zote nne, unachukua kipimo kikubwa kuliko vyote, ndicho kinachokwambia herufi. B ni nyembamba, D ya kati, F nene; zinapishana sehemu ya kumi ya milimita. Ukiweka nyembamba kwenye pistoni zinazochomoza sana unahatarisha injini nzima. Gasketi ya zamani itakuonyesha herufi yake, ila kama bloku iliwahi kupelekwa lathe usiiamini. Usinunue kabla ya kupima.

Mama Double Cabin
Nakubaliana na Fundi. Niongeze kuhusu kitabu, kaka.

Unachotafuta ni kitabu cha matengenezo cha Toyota cha injini hasa, maana vile vya gari zima mara nyingine injini havigusi. Mtandaoni zipo nakala nyingi za PDF, nyingine zimepewa jina lisilo lake. Kabla hujaamini hata ukurasa mmoja, fungua kurasa za mwanzo uone 5L imetajwa. Halafu nenda kwenye bolti za hedi: Toyota huandika vipimo vyote vitatu pamoja, vile vile Fundi alivyoeleza. Ukikuta namba moja tu, isiyo na kipimo, hiyo mtu kaiandika mwenyewe.

Video za Wamarekani zitakupoteza. Pikapu za Toyota walizotumia miaka ya 1980 na 1990 nyingi ni za petroli, injini ya 22R. Tafuta za Australia: huko walitumia Hilux za dizeli zenye injini za 3L na 5L, na usukani uko kulia kama kwetu. Video itumie kuona mkono unapita wapi, namba chukua kitabuni.

Spea nazo zina ushahidi wake. Kwenye namba za Toyota, tarakimu tano za mwanzo zinataja kifaa: 11115 ni gasketi ya hedi, 13568 ni mkanda wa taiming. Piga picha kibati cha chasisi, ingiza namba kwenye katalogi za mtandaoni, uende dukani na namba kamili. Muuzaji akikuambia "hii inaingia tu", ondoka.

Kijana wa Fuso
Mnamtisha bure. Amwage dawa ya kuziba rejeta, aendelee na msimu. Wazee walikaza hedi kwa mkono na magari yalitembea.

Fundi Gerezani
Mdogo wangu, gesi ya mwako inaingia kwenye maji, dawa haitaizuia. Itaenda kuziba njia nyembamba za rejeta, gari lichemshe zaidi, na hedi ipasuke kati ya vali. Kwa injini hizi za L nimeziona nyingi. Gasketi ya bei ndogo inageuka kuwa kununua hedi.

Viazi Makambako
Asanteni sana, dada na Fundi. Hilo la vipimo vitatu limenifungua macho. Swali moja: hedi ikishatoka, nitajuaje kama bado nzima?

Fundi Gerezani
Ipeleke kupimwa kwa presha kabla ya kuskimu, yaani kusawazisha uso wake kwa mashine. Usikubali kuskimu kwanza, utalipia kazi kwenye hedi iliyopasuka. Ukiskimu, mwambie mtu wa lathe ni 5L, ina vichumba vya mwako vilivyopachikwa kwenye uso wa hedi, navyo lazima viangaliwe.

Pia mkanda wa taiming lazima utoke ndipo hedi itoke. Umri wake ni kilomita 100,000. Kama hujui ulifungwa lini, weka mpya. Kabla ya kuutoa, linganisha alama za kamshafti, pampu ya dizeli na krankishafti, upige picha kila moja.

Ukishapima pistoni, leta hapa namba zote nne tuchague herufi pamoja.

Viazi Makambako
Sawa Fundi. Tunafungua Jumamosi, namba nazileta jioni.