Nimeacha kazi kulea watoto Uingereza, pensheni yangu itakuwaje?

MamaIlham: Habari za jioni wakuu. Niko Leicester, niliacha kazi baada ya kujifungua mtoto wa pili. Sasa ana mwaka na nusu, mkubwa ana minne. Juzi nimeangalia rekodi yangu ya National Insurance (michango inayohesabiwa kwa pensheni ya serikali), mwaka uliopita unaonekana haujajaa. Child Benefit, ile posho ya serikali ya watoto, tunapokea, ila aliyejaza fomu ni mume wangu, kwa jina lake, na yeye yuko kazini muda wote. Naogopa kufika uzeeni mikono mitupu. Miaka hii inaokoleka? Wote tuna uraia.

Kipusa wa Tanga: Pole na ulezi dada. Inaokoleka. Anayedai Child Benefit kwa mtoto wa chini ya miaka 12 anapewa krediti, yaani mwaka unahesabiwa kama amechangia. Mumeo mwaka wake umeshajaa kwa makato ya mshahara, kwa hiyo krediti ile imekaa bure. Tafuta fomu CF411A ya HMRC (mamlaka ya kodi), uombe ihamishiwe kwako. Usiiweke kiporo. Kisha madai ya Child Benefit yenyewe yahamie kwenye jina lako, usihangaike kila mwaka.

Mjomba Reading: Niongezee kwa wengine wanaosoma. Kuna nyumba baba anapata zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka, wanaona Child Benefit itaishia kwenye kodi, basi hawadai kabisa. Jamani, daini! Kwenye fomu unachagua kutolipwa. Hela haiji, kodi ile haiji, lakini krediti ya mama inaingia. Inaniuma sana, kwa sababu pensheni kamili ya serikali inataka kama miaka 35 ya michango au krediti, na chini ya 10 kwa kawaida hupati hata senti. Na ukichelewa, madai yanarudi nyuma miezi 3 tu.

Bi Shamim: Ila wenye viza iliyoandikwa hakuna haki ya fedha za umma, msiguse hiyo fomu kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji. Child Benefit ni fedha za umma.

MamaIlham: Mungu awabariki. Mume kakubali, tunaijaza leo. Je, wifi yangu? Hana mtoto, kaacha kazi anamuuguza mama mkwe aliyepata kiharusi. Anamuogesha, anamlisha, usiku anaamka kumgeuza. Mama anapokea Attendance Allowance, posho ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa.

Kipusa wa Tanga: Huyo aombe Carer's Credit, krediti ya pensheni kwa wanaouguza. Sharti ni kuuguza angalau saa 20 kwa wiki, na kwa hayo uliyoyasema anazipita mbali. Akifika saa 35, aulizie pia Carer's Allowance: hiyo ni pesa mkononi, na krediti inakuja nayo. Ila kabla hajajaza hiyo ya pili, waangalie kama haitapunguza malipo mengine ya mama.

MamaIlham: Nampigia sasa hivi.