Mwalimu mkuu anayemkataa mtoto mwenye ulemavu: ashtakiwe?

Mzazi, Kisauni: Hamjambo wenzangu. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Hutumia kiti cha magurudumu, na hesabu anawashinda kaka zake. Shule ya msingi ya mtaani kwetu, nilijibiwa mlangoni: "Mama, watoto kama huyu wana shule zao. Mpeleke Port Reitz." Hata fomu sikupewa.

Port Reitz, ile shule maalumu ya watoto wenye ulemavu, sina neno nayo. Lakini kutoka Kisauni ni kupanda matatu na kushuka, na makanga ataka nauli ya kiti pia. Kila siku? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Maslahi yake yeye, si ya mwalimu mkuu! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo yakataza kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya ulemavu. Anayekataa apelekwe mahakamani.

Mwalimu, Likoni: Pole sana mama. Sasa sikiza na ya kwetu. Darasa langu lapita watoto sitini, nami niko peke yangu. Nililetewa mtoto asiyesikia. Lugha ya ishara siijui, na hakuna aliyenifunza. Muhula mzima alikaa dawati la mbele akinitazama midomo, akinakili ubaoni asichokielewa. Kuandikishwa aliandikishwa. Kusoma hakusoma. Mamake akamhamishia shule ya viziwi, na huko sasa ana wa kuzungumza nao. Mshtaki mwalimu mkuu, nafasi utapata; mkalimani hutapata, wala choo ambacho kiti kitapita mlangoni. Mimi nasema ishtakiwe serikali.

Mzazi, Kisauni: Kwa mtoto asiyesikia nakuelewa, mwalimu. Lakini nani wa kuamua? Vituo vya tathmini vya elimu maalumu viko Kenya tangu 1984, na kazi yao ndiyo hiyo, kumpima mtoto na kupendekeza shule. Wangu alipimwa, barua ikasema aingie shule ya kawaida. Mwalimu mkuu hakuifungua. Alitazama kiti, basi.

Msaidizi wa sheria, Changamwe: Dada, kosa kubwa hapa ni kwamba watu wanakataliwa kwa mdomo. Kesho ukienda kwa bodi ya elimu ya kaunti utaambiwa hukukataliwa, ulishauriwa tu. Mwambie mwalimu mkuu aandike kwamba amekataa, atie sahihi na muhuri. Wengi wakiambiwa hivyo, nafasi hupatikana papo hapo.

Mwalimu, Likoni: Hilo naliunga mkono. Na aandike shule yake imekosa nini hasa: mteremko wa kupitishia kiti, msaidizi wa darasani, choo. Bodi ijue fedha zapelekwa wapi.

Mzazi, Kisauni: Aandike, sawa. Lakini aandike mtoto akiwa tayari ndani ya darasa. Mteremko ukisubiriwa kwanza, wangu atafika umri wa kuoa hajaingia.