MJADALA: Binti wa chuo, hela anayo, achukue Altezza au Impreza WRX?

Wakuu habari za majukumu.

Naomba tulijadili hili maana kwenye ukoo wetu limeshagawa watu. Binti wa shangazi yangu yuko mwaka wa pili uhandisi hapa Dar, tangu fomu sikisi anauza viatu na mikoba kwa simu, amekusanya milioni 14, hajahongwa wala hajakopa, ni jasho lake. Sasa anataka ndinga, na sio ndinga ya kumfikisha tu, anataka kitu chenye moto. Kachuja mpaka zimebaki mbili, Toyota Altezza na Subaru Impreza WRX ile ya 2003 mpaka 2005. Mama yake anasema anunue kiwanja Chanika. Wajomba wanasema mtoto wa kike chukua Toyota IST, kale kadogo, utulie. Wenzake darasani ndo wamemvuruga kabisa, wa Subaru wanamwita mshamba akitaja Toyota na wa Toyota wanamwambia ataishi gereji.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge vizuri: achukue Altezza. Na sisemi hivyo kwa sababu Altezza ni kali kuliko WRX, hapana, tukienda kwenye kuendesha tupu WRX inaiacha mbali. Nasema hivyo kwa sababu ya namna hizi gari mbili zinavyoharibika, na namna hela ya mwanafunzi inavyoingia.

Tuanze na Altezza kwa ambao hawaijui vizuri. Imetengenezwa 1998 mpaka 2005, na ilivyotoka tu ikachukua tuzo ya gari la mwaka Japani, huko nje ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Inasukuma matairi ya nyuma. Ziko za aina mbili na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kuna RS200, injini 3S-GE, silinda nne, ile ya manuali ina gia sita na nguvu za farasi 210, lakini farasi wenyewe wako juu kabisa, injini ikizunguka karibu mara 7,600 kwa dakika, ukiendesha kistaarabu mjini huwaoni. Afu kuna AS200, injini 1G-FE, silinda sita, farasi 160, laini, haina papara. Kwa nje zinafanana, na dalali hatakwambia ni ipi mpaka umbane. Angalia kadi, namba ya chesisi ikianza na SXE10 ni RS200, ikianza na GXE10 ni AS200.

WRX hiyo ni injini EJ20 yenye turbo, silinda nne zimelala ubavu, farasi 250 ikiwa ni ya soko la Japani, na inavuta matairi yote manne. Sifa zake huku kwetu hazikutoka hewani, Colin McRae alichukua Safari Rally pale Kenya 1997 na Impreza, Richard Burns akaja kurudia 2000, watu waliona gari inapita kwenye mawe na tope na inamaliza. Ila tukumbushane kitu kidogo, zile za mashindano nyuma yake kulikuwa na mafundi kibao na lori la spea. Wewe nyuma yako kuna fundi mmoja wa Sinza ambaye simu yake haipatikani Jumatatu.

Na hata jina lenyewe WRX uwe nalo makini. Mjini kuna Impreza za 1.5 za kawaida kabisa zimebandikwa nembo ya STI (ile WRX kali zaidi) na boneti yenye tundu, muuzaji anakutajia bei kama ya kweli. WRX ya kizazi hicho, ile sedani, chesisi yake ni GDA, STI ni GDB. Ukiona herufi nyingine kwenye sedani, shukuru, nenda zako.

Sasa twende kwenye hoja yenyewe.

Altezza inaharibika kidogo kidogo na inakupigia kelele kabla. Boljointi za chini zikianza kuisha utasikia gogo gogo kwenye matuta, bushi zikichoka usukani unaanza kuvuta pembeni, shokapu zikifa unaruka ruka, yaani unakuwa na wiki kadhaa za kujipanga, unabadilisha upande mmoja mwezi huu, mwingine mwezi ujao (ile boljointi msiicheleweshe lakini, ikichomoka njiani tairi linalala). Injini ya 1G-FE ndo ile ile imejaa kwenye Mark II za GX100 na GX110, kila fundi wa Ilala na Kinondoni ameshaifungua, spea used Shauri Moyo zipo mpaka za kuchagua. RS200 ni ngumu kidogo kwenye vitu vya ndani ya injini, hiyo ya manuali ina mpaka valvu za titani, hizo huzipati kwa jirani, ndo maana mi kwa mwanafunzi nasema AS200, najua hapa vijana mtanitukana.

Subaru yenye turbo haiko hivyo. Ikiwa nzima ni nzima kweli, unaweza ukakaa nayo miaka ukawacheka watu. Ila ikiamua kudai inadai kwa mkupuo. Oili ikishuka bila wewe kujua, injini inanoki, yaani vyuma vya ndani vinasagana mpaka inakufa. Gasketi ya silinda hedi ikianza kupitisha, gari inachemsha, na ukichemsha mara mbili tatu ukakaza roho hedi zinapinda. Na kwa vile silinda zimelala, kazi kubwa kwenye hedi mara nyingi inamaanisha injini yote inatoka nje, sio kazi ya kufanyia chini ya mwembe. Afu matairi, hapa watu hawaelewi kabisa, gari inayovuta yote manne inataka matairi yote yalingane, tairi moja likipasuka Ubungo huwezi ukaweka jipya moja na matatu yaliyoisha ukaendelea na maisha, unaitesa difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwa hiyo msumari mmoja unaweza kukununulisha matairi manne. Altezza unabadilisha mawili unalala.

Mwanafunzi hela yake inakuja kwa mafungu. Hata huyu mwenye biashara, hela ya viatu inakuja mwezi mzuri, mwezi wa mitihani haiji. Gari inayodai kwa mafungu anaweza kubishana nayo. Gari inayodai milioni tatu Jumanne asubuhi inapaki, na ikishapaki hosteli miezi miwili betri inakufa, matairi yanakaa chini, wenzako wanaandika "nioshe" kwenye vumbi la kioo cha nyuma.

Haya, wese. Tuseme anakaa Tegeta, kwenda Mlimani na kurudi tuseme kilomita 32. Kwa foleni ya Mwenge Altezza ikikupa kilomita 8 kwa lita umebahatika, hiyo ni lita 4. WRX kwenye foleni ile ile weka 6 na nusu, hiyo ni kama lita 5. Kwa hesabu nyepesi ya shilingi 3,000 kwa lita, Altezza inakula 12,000 kwa siku, Subaru 15,000. Boom, yaani ile hela ya mkopo wa wanachuo, la chakula na malazi tangu 2022 ni 10,000 kwa siku. Yaani gari zote mbili zinakula kuliko mwanafunzi mwenyewe! Hapo hujaweka bima ndogo 118,000 kwa mwaka, wala tochi za trafiki, 30,000 kwa kila kosa, na ukiwa na gari yenye farasi 250 kwenye kibao cha 50 hizo tochi zitakuzoea. Kwa hiyo atakayemshauri huyu binti kwamba gari la michezo "halina gharama ukilitunza" anampiga kamba, mi hata Altezza yangu ninayoitetea sisemi ni ya bei rahisi.

Mmoja kasema kwa nini asiagize Japani apate safi badala ya kununua ya mtu. Piga hesabu kwanza. Altezza ya mwisho ni ya 2005, Tanzania hatuna kikomo cha umri kama Kenya wanaozuia iliyozidi miaka 8, ila TRA gari ikizidi miaka 10 unalipa uchakavu asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha 25 na VAT 18. Injini zote mbili ziko chini kidogo ya cc 2,000 kwa hiyo kwenye kundi la ukubwa wa injini hakuna aliyepona kuliko mwenzake. Na kule kwenyewe bei zimepanda, Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza gari za Japani zikifikisha miaka 25, Altezza za mwanzo zilifikisha 2023, saa hizi unagombania mnada na mtu wa Texas mwenye dola. Milioni 14 haitoshi hapo. Iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini, namba D iliyotunzwa, au hata namba C ya mzee mmoja mstaafu asiyependa kelele, ndo saizi yake.

Na kwenye kununua ya mtu, mnisikilize. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika usisalimie sana, weka kiganja juu ya boneti, ikiwa ya moto ujue ameipasha ili usisikie inavyoamka. Kama ni Subaru, fungua kile kitanki cha kulanti ikiwa baridi, washa, acha ingurume dakika kumi, chungulia, ukiona mapovu yanapanda mfululizo rudisha ufunguo. Chomoa stiki ya oili uone iko wapi na ina rangi gani. Mwombe mwenye gari apande gesi mara moja halafu aachie, wewe simama nyuma ya ekzosi, moshi wa bluu ni oili inaungua. Afu muulize mkanda wa taimingi umebadilishwa lini, na hapa msidanganyane kwamba ni ugonjwa wa Subaru peke yake, hizo Altezza zote mbili zina mkanda na zote zinataka ubadilishwe kwenye kilomita laki moja. Akikujibu "haijachokonolewa hiyo injini", hilo sio jibu, gari ina miaka 20 haijachokonolewa vipi? Taka risiti. Na ingiza namba kwenye mfumo wa trafiki uone madeni ya tochi, usije ukarithi ya mtu.

Kuna kaka kasema kwenye mvua WRX ni salama kuliko Altezza. Hilo nalikubali bila ubishi. Altezza na matairi vipara kwenye masika, ukiikanyaga kwenye kona ya lami iliyolowa, mkia unakupita. Nilishaona moja imegeuka ikatazama ilikotoka pale Sam Nujoma, dogo aliyekuwa anaendesha kakaa ndani mikono bado iko kwenye usukani, taa zinawaka, anawatazama wenye daladala wanavyompigia honi. Hajaumia. Dawa yake ni matairi mazuri na mguu mwepesi. Ila wa Subaru nao wasijidanganye, kuvuta yote manne kunakusaidia kuondoka, kwenye kufunga breki mko sawa na Vitz.

Wajomba wa IST. Nawaelewa, IST nyingi ni cc 1,300 au 1,500, inakula kidogo, spea ziko mpaka Namtumbo. Kama swali lingekuwa gari gani linafaa mwanafunzi ningewaunga mkono nikalala. Lakini hakuuliza hivyo, na hilo la "mtoto wa kike" naomba tuliache, angekuwa kaka yake saa hizi mngekuwa mnabishana rangi ya rimu. Kiwanja pia, shangazi yangu ana hoja nzito, ardhi Chanika haipungui bei na Altezza haiongezeki. Ila hela hajaomba kwa mtu.

Mimi nimemwambia hivi: tafuta AS200, manuali ukiipata, ya mtu mzima mwenye risiti, usizidishe milioni 10, zile nne zinazobaki ziweke pembeni, usizitumie kwenye rimu wala muziki. Hizo ni za mkanda wa taimingi, boljointi na matairi, ndo mwaka wa kwanza wa amani. Kwa WRX nzima ya kweli milioni 14 yote inaishia kwenye kununua, na unaingia barabarani na gari ya farasi 250 na mfuko wa sifuri.

Hajakubali bado. Juzi kanitumia picha ya WRX ya bluu yenye rimu za dhahabu, chini kaandika "ila kaka iangalie kwanza". Nimeiangalia. Ni nzuri, siwezi kusema uongo.

Wa Subaru karibuni sasa, njooni na hoja. Ila kila anayekuja aanze kwa kusema injini yake ilifunguliwa mara ya mwisho lini na aliyelipa ni nani, yeye au baba yake.