Miguu inakaza nikianza kukimbia, nisaidieni wakuu

Kijana wa Mlimwa: Habari za humu. Niko Dodoma, jioni napandisha Mlimwa. Nikianza tu, mapaja yanakaza, yanauma balaa. Nikipunguza mwendo nikavumilia kama dakika kumi, yanaachia, nakimbia mpaka giza. Wiki ijayo nina usaili wa kazi wenye mbio. Nitumie nini?

Mgogo Asilia: Ugali wa uwele na mlenda. Babu alitoka Hombolo hadi mjini kwa mguu, mzigo kichwani. Nyie chipsi zimewamaliza.

Mama Kelvin: Mwanangu, unakunywa? Baba Kelvin alilalamika misuli miaka, kumbe gongo.

Nesi Mstaafu: Baada ya mazoezi mkojo una rangi gani?

Kijana wa Mlimwa: Sinywi mama. Nesi, mkojo na miguu wapi na wapi?

Nesi Mstaafu: Nimeuliza rangi.

Kijana wa Mlimwa: Haya. Kuna siku unatoka mweusi kama soda. Ila kesho yake uko safi, na hili jua letu mnalijua. Kocha nishamlipa, kuacha siwezi.

Fundi Chuma: Chai hii! Gari gani linagoma tangi likiwa limejaa, linachanganya likikaribia kuisha? Halafu mwezi uliopita ulikuwa dada wa Singida unamlalamikia mume.

Kijana wa Mlimwa: Akaunti ya dada, nimeazima.

Mgogo Asilia: 😂😂 Nahamia huku.

Nesi Mstaafu: Fundi, hapo ndipo naanza kumwamini. Mwanzoni msuli unakula glaikojeni, wanga uliohifadhiwa humo humo. Baadaye damu inaongezeka, inaleta glukosi ya ini na mafuta. Asiye na kimeng'enya cha kuivunja glaikojeni anateseka mwanzo, kisha anapata ahueni. Ndiyo ugonjwa wa McArdle, jina la daktari wa London aliyeueleza 1951. Ni adimu, na sisemi ndio wako. Ila mkojo huo ni dalili msuli unavunjika, na figo zinaweza kufa. Nenda Hospitali ya Benjamin Mkapa wapime figo na CK, kimeng'enya kinachovujia kwenye damu msuli ukiumia. Ukitoka mweusi tena, usingoje kuche.

Fundi Chuma: Au kasoma Google kama wewe.

Kijana wa Mlimwa: Kwa hiyo nikinywa glukosi kabla ya mbio, usaili napita?

Nesi Mstaafu: Wenye McArdle sukari kabla ya zoezi huwasaidia. Wewe hujapimwa. Kwenu kuna mwingine? Huu unarithiwa.

Kijana wa Mlimwa: Dada. Aliacha netiboli kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi Chuma: Yule wa mume? Sasa hapa anayeandika ni nani?