Mjadala: Mafunzo ya mabingwa wa upasuaji Kusini yaongozwe na nani, profesa wa Dar au bingwa mkazi?

Muuguzi, Lindi (mleta mada)
Habari zenu ndugu. Nina miaka 11 kwenye chumba cha upasuaji. Juzi kazini tulibishana mpaka chai ikapoa: mafunzo ya ubingwa yakija hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, Mtwara, aongoze profesa anayeshuka kwa ndege kila mwezi, au bingwa anayelala huku huku?

Mimi nasema mkazi. Kambi za mabusha, wageni wakija kupasua siku chache na kuondoka, zinatusaidia sana, wanaume waliojifungia ndani miaka wanatoka tena kwenda baharini na shambani. Siwezi kuzibeza. Lakini kambi ya mwisho niliyohudumia, daktari wetu kijana alishika tu vyuma vya kupanua kidonda siku zote tano. Foleni ndefu, mgeni ana tiketi ya Ijumaa, nani atamwachia mwanafunzi kisu? Wiki iliyofuata akaletwa mama, utumbo umejisokota, saa nane usiku. Kijana akanitazama mimi. Kufundisha upasuaji ni saa ile: kusimama ubavuni mwake, mkono wake unasita, na wewe humnyang'anyi mpaka ilazimu.

Njia ipo. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, hufundishia hospitalini. Hospitali inakaguliwa, mwanafunzi anabaki kazini, kila upasuaji anauandika kwenye daftari lake. Kwa upasuaji wa jumla ni miaka 5.

Daktari, Masasi
Dada, nakuheshimu, ila huyo mkazi unayemtaka ana wodi, kliniki, zamu, vikao na ripoti. Mbebeshe na mafunzo uone kama hatoomba uhamisho. Halafu ngiri na mabusha tutamshibisha mwanafunzi, sawa. Vichwa vilivyopasuka kwa ajali za bodaboda atajifunzia wapi kama si MOI, taasisi ya mifupa na ubongo kule Muhimbili, Dar?

Mwananchi, Kilwa
Mimi si mganga. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga. Shemeji yangu alikuwa na rufaa ya Dar mkononi. Tulikaa naye nyumbani akiugulia, karatasi iko mezani. Siku hizo profesa wa Dar angetufaa nini?

Muuguzi, Lindi
Pole sana kaka. Daktari, aende MOI miezi kadhaa, arudi. Ninachokataa ni daftari lake kusainiwa na mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi usiku. Na kuhusu mzigo, kuongoza mafunzo kuandikwe kuwa kazi: siku 2 kwa wiki, kwa barua, na malipo yake. Leo tunaomba hisani tu, na hisani inachoka.

Mtoa usingizi, Mtwara
Jamani, na sisi? Mtafundisha wapasuaji kumi, mgonjwa atalazwa usingizi na nani? Anayeongoza asipopanga mafunzo yetu pamoja na yao, meza zitabaki tupu.

Daktari, Masasi
La usingizi ni kweli tupu. Na siku 2 nakubali, dada. Sasa siku hizo zamu yake anashika nani?

Muuguzi, Lindi
Bingwa wa pili. Ndiyo maana nasema tusianze na mmoja.