Mbuna futi 4: nichuje uchafu na nini kwenye sampu ili nisioshe soksi kila baada ya siku mbili?

Bomba_Mbili:
Wakuu habari. Tangi langu ni futi 4 kwa 2 kwa 2, kama lita 430, lina mbuna (samaki wa Ziwa Nyasa) 30 hivi na mawe mengi. Sampu, yaani tangi la chini la kuchujia, ni sentimita 90 × 40 × 40, maji yanakaa kimo cha sentimita 25. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Maji yanashukia kwenye soksi moja (mfuko wa kitambaa wa kuchujia) ya inchi 4, matundu ya mikroni 200. Siku mbili tatu imeshaziba, maji yanafurika juu yake na kinyesi kinaenda moja kwa moja kwenye seramiki, wanakoishi bakteria wa kusafisha maji. Nataka chujio nitakalolishika mara moja kwa wiki. Niongeze soksi, niweke sponji, au nijikaze ninunue ile mashine ya roli inayojivutia kitambaa kipya cha kuchujia? Vioo vya ndani vya sampu naweza kuvibandua na kuvipanga upya. Naomba kuwasilisha.

Fundi_Vioo:
Mkuu, anza na pampu. Hiyo 3,000 ni ya maji yasiyopanda popote. Yakipanda zaidi ya mita moja na kupita viwiko viwili vitatu, yanapungua sana. Kinga bomba la kurudishia kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 36 una lita 2,000 kwa saa. Nafanya hesabu kwa hiyo.

Soksi inaziba upesi kwa sababu inashika uchafu usoni tu. Mbuna ni walaji wa mwani, kinyesi chao ni kingi na kinalainika haraka, kwa hiyo utando mwembamba unatosha kuifunga. Ukiongeza soksi umeongeza cha kufua.

Chumba cha kwanza kiwe na urefu wa sentimita 30 na kiache kitupu. Bomba liingie sentimita 5 chini ya uso wa maji, na kiwiko kielekeze maji ubavuni, yasipige sakafu. Maji yatoke kwa kuvuka juu ya kioo. Eneo la chumba hicho ni sentimita 1,200 za mraba, kwa hiyo maji yanapanda kama sentimita 28 kwa dakika. Kinyesi kizito hakiwezi kupanda nayo, kinalala chini. Siku ya kubadilisha maji unakivuta kwa mpira wa nusu inchi, lita 10 za kwanza, basi. Hapo hakuna cha kuosha.

Baada yake simamisha sponji mbili za unene wa sentimita 5, ya kwanza matundu 10 kwa inchi, ya pili matundu 20. Acha nafasi ya sentimita 3 katikati ili ukinyanyua ya kwanza usiikwaruze ya pili. Zikate zizidi upana wa ndani kwa sentimita 1 zibane zenyewe, na ubandike vipande vyembamba vya kioo kwa silikoni kuzishikilia. Maji yakipata upenyo pembeni hayatapita katikati.

Jambo ambalo wengi hulisahau: sponji iishie kimo cha sentimita 30, isifike ukingo wa sampu. Ikiziba, maji nyuma yake yatapanda sentimita 5 tu kisha yatapita juu, na chumba cha pampu (tuseme cha urefu wa sentimita 20) kitashuka kama sentimita 8. Ukiipandisha hadi 40, kabla hayajapita yatakusanyika karibu lita 20, na chumba cha pampu kina lita 20 tu. Pampu itazunguka kavu iungue.

Maji_Meupe:
Naunga mkono chumba kitupu. Ila matundu 20 hayashiki vumbi laini, maji yatakuwa safi bila kung'aa. Juu ya seramiki weka trei yenye pamba ya mito, poliesta tupu, unene wa sentimita 2. Isiwe pamba ya shambani, inaoza. Wala isiwe iliyotiwa manukato au dawa ya kuzuia moto. Iweke ukishachokoa mchanga na mawe, siku ya tatu itupe. Usiiache iishi humo.

Na mkuu, mara moja kwa wiki ndiyo mwisho. Uchafu ulioshikwa na sponji bado umo ndani ya maji, unaoza na kutoa amonia mpaka utakapoutoa kwa mikono yako. Maji ya samaki wa Ziwa Nyasa tunayaweka na pH ya juu. Kwenye 8.5, kwa joto la nyuzi 26, sehemu ya amonia iliyo sumu ni kama asilimia 16, kwenye 7.5 haifiki asilimia 2.

Bomba_Mbili:
Nimewaelewa, asanteni sana. Hizo sponji za matundu ya kuhesabu bei yake imesimama. Kipande cha godoro hakifai?

Fundi_Vioo:
Hakifai. Vitundu vya godoro vingi vina ngozi katikati, maji hayapiti vizuri, na baadhi ya magodoro yana dawa ya kuzuia moto. Ukiwa dukani bana kipande cha sponji midomoni upulize. Pumzi ikipita kama hakuna kitu, nunua. Ukilazimika kusukuma pumzi, rudisha.

Nyasa_Kusini:
Kuhusu roli: maji yakipanda nyuma ya kitambaa, boya linawasha mota na kitambaa safi kinavutwa. Ndiyo pekee inayotoa uchafu majini yenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Lakini roli ikiisha ni sawa na soksi iliyoziba, kwa hiyo usinunue mashine kabla hujajua roli za akiba utazitoa wapi. Kwa lita 430 ningeanza na mpango wa Fundi.

Kuosha: zima pampu kwanza, subiri maji yatulie, ingiza beseni chini ya sponji ndipo uinyanyue, maana nusu ya uchafu hudondoka hapo hapo. Osha ya kwanza kila wiki, ya pili kila baada ya wiki mbili tatu, na ya pili usiitoe wakati ya kwanza iko nje. Kwa kuwa una seramiki, maji ya bomba si tatizo, ikamue tu ya klorini yatoke. Umeme ukikatika saa nyingi, suuza sponji kabla ya kuwasha pampu. Maji yaliyolala kwenye uchafu ule hayana oksijeni.

Na angalia bomba la kurudishia. Mdomo wake ukiwa sentimita 10 chini ya uso wa maji, umeme ukikatika tangi litajinyonya karibu lita 70 kurudi chini, na sampu yako ina nafasi ya lita 54. Toboa tundu la milimita 5 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie na maji yaache kurudi, na ulisugue kila unapobadilisha maji kwa sababu mwani huliziba.