Re: Mtoto anashikwa usingizini, EEG inasema yuko sawa

Ndugu zangu Watanzania wa Nairobi, habari za jioni.

Mwanangu ana miaka 8, tumehamia huku kutoka Tanga. Usiku, akiwa ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi, mdomo unavutika upande mmoja, mate yanamtoka, anataka kusema hawezi, na macho yako wazi anatuona. Homa hana. Bibi yake anasema ni degedege, tumrudishe nyumbani. Tumempima EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, hapa mjini, majibu hayana kitu. Nani anajua tuanzie wapi?

Mama wa South B

---

Dada wa South B, pole sana. Mimi si daktari wa kutibu, natafiti usingizi na kifafa, kwa hiyo haya yapeleke kwa daktari wa watoto wa mishipa ya fahamu.

Alipopimwa alikuwa amelala? Mtoto anayeshikwa usingizini tu anaweza kupimwa akiwa macho na karatasi ikatoka safi kabisa. Unayoyaeleza yanafanana na aina ya kifafa cha utotoni inayopenda usingizi, na watoto wengi huachana nayo wakifika ujana. Sisemi ndiyo hiyo, ila inatosha kurudia kipimo akiwa amelala. Degedege la homa huwashika watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na wako kashapita.

Katika usingizi mzito seli za ubongo hufanya kazi na kutulia kwa pamoja, kama uwanja mzima unaopiga makofi kwa mdundo mmoja, kwa hiyo shambulio likizuka hapo husambaa upesi. Ukiingia usingizi wa ndoto, mdundo ule huvunjika na kifafa huwa adimu. Hapo ndipo somo hili liliponiteka. Nilianza Ifakara, kwenye kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa. Ifakara ilikuwa mojawapo ya vituo vitano vya utafiti wa kifafa Afrika uliochapishwa 2013, pamoja na Kilifi (Kenya), Iganga (Uganda), Agincourt (Afrika Kusini) na Kintampo (Ghana). Kwenye vibaraza vile nilisikia sana, "humshika usiku", au, "akikesha msibani, kesho yake anaanguka." Nikaamua nitasomea hilo. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza 1924 huko Ujerumani, na mpaka leo kazi yenyewe ni ya macho: rekodi ya usingizi wa usiku mmoja, yenye urefu wa saa 8, ina vipande 960 vya sekunde 30, na kila kimoja unaamua mtu alikuwa usingizi gani. Inachosha, na sitaki nyingine.

Sasa ya Nairobi. Ukipiga simu kuweka miadi, uliza kama wanarekodi mtoto akiwa amelala, na kwa muda gani. Wengi watakuambia alale kidogo usiku wa kuamkia kipimo. Mtihani wenyewe uko barabarani: foleni ya Mombasa Road inabembeleza kuliko mama, anakoroma hadi mnafika, akiwekwa kitandani macho kodo. Nenda na mtu wa kumpigisha soga njiani. Nywele zioshwe, zisipakwe mafuta wala kusukwa, maana vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo lazima viguse ngozi ya kichwa. Kama ameshaanza dawa, usiisimamishe kwa ajili ya kipimo bila daktari kusema.

Na mrekodi kwa simu akishikwa, uso na mikono vyote vionekane, taa iwashwe. Video ya dakika moja humsaidia daktari kuliko hadithi zetu zote. Mgeuze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Ikizidi dakika 5, hospitali.

Mtafiti, Parklands

---

Shikamoo mtafiti. Wangu ni wa kidato cha pili, bweni. Asubuhi kikombe cha chai kinamruka mkononi, mikono inashtuka. Walimu wanasema ni uzembe. Na Desemba tunataka kwenda Dar kwa basi.

Baba, Umoja

---

Marahaba. Kaka, huyo asisubiri Desemba. Kijana anayeshtuka mikono asubuhi, hasa akiwa hajalala vizuri, aonwe na daktari mapema, na mtaje kikombe kama ulivyokitaja hapa. Kuna aina ya kifafa cha ujana inayoanza hivyohivyo, na baadhi ya dawa za kifafa huizidisha, kwa hiyo msikubali kidonge cha jirani. Prepu za alfajiri za shule za huku mimi nazichukia waziwazi. Omba barua ya daktari, mwalimu mkuu amruhusu alale.

Basi la usiku kucha liacheni. Ondokeni asubuhi, mvuke Namanga, mlale Arusha, kesho yake mwendelee. Kama atakuwa ameanza dawa, bebeni za kutosha likizo nzima, ndani ya pakiti zake na karatasi ya daktari, kwenye mkoba wa mkononi na siyo buti la basi. Jina la kidonge kwenye boksi huweza kuwa tofauti mkivuka mpaka, kwa hiyo mwandikiwe jina la dawa yenyewe.

Mtafiti, Parklands